Mawimbi Matano Matano

Leo tena meli ya Oban haikuja.
Siku ya tatu. Dukani Scarinish hakuna maziwa,
na wewe, ambaye kazi yako ni kupokea kamba gatini,
huna kamba ya kupokea.
Unaniita kutoka jikoni, mdomo umejaa mkate:
"Upepo unatoka kusini mashariki."
Najua maana yake. Nazima jiko.

Biubwa alinipigia Jumapili kutoka Wete.
"Mwenzangu umehama kisiwa kwenda kisiwa!
Haya, minazi ipo?"
Nikamwambia Tiree hakuna mnazi, hakuna mpera,
hakuna mti hata wa kumfungia mbuzi.
Kuna nyasi, kondoo,
na upepo unaoingia nyumbani bila hodi
ukakaa, ukala, ukalala.
Akanyamaza kidogo.
"Sasa mnafanya nini huko siku nzima?"

Suti ya mpira haitaki haraka.
Imening'inia mlangoni usiku kucha na bado chepechepe,
baridi kama samaki.
Unavuta zipu mgongoni mwangu, navuta pumzi,
unavuta tena.
"Tumbo ndani."
"Tumbo liko ndani tangu Ramadhani, Eachann, wewe vuta."

(Jina lako lina kh ya kheri katikati.
Mama yako alishangaa nilivyolitamka
siku ya kwanza, mlangoni, bila kujikwaa.
Wageni wa London, alisema, huchukua miaka.)

Tulikuwa na mbao mbili.
Wako ulikatika Novemba juu ya mwamba wa Balevullin.
Nusu moja tuliiokota. Nusu nyingine
pengine imefika Aisilandi, inauliza njia.
Basi tunapokezana: mawimbi matano wewe,
matano mimi,
nawe kuhesabu hukujui ukiwa majini.

Zamu yako nakaa mchangani
nimekumbatia chupa ya chai ya rangi,
nakutafuta.
Nukta nyeusi. Nukta nyeusi nyingine.
Sili naye hutoa kichwa pale pale, kipara,
macho ya mtu anayekudai.
Mara mbili nimempungia mkono sili.
Mara moja nilimpigia kelele arudi, zamu yake imekwisha.

Bahari ya kwetu niliruhusiwa mpaka magotini.
Zaidi ya hapo ilikuwa ya kaka zangu.
Hapa, na miaka yangu arobaini na moja,
nililala kifudifudi juu ya ubao
kama mtoto anayefundishwa kutambaa,
meno yakigongana, pua ikichuruzika,
nikiwaza nitamweleza nini Biubwa nikifa.
Wimbi likaja nyuma yangu. Sikuliona, nililisikia,
kama mtu anayekunja mkeka mkubwa.
Ukasema neno moja la lugha yenu: a-nis.
Sasa.
Nikasimama.
Sekunde mbili, au moja na nusu.
Tangu hapo bahari nzima naidai zile zilizobaki.

Leo nimepata tatu nzuri.
Ya tatu ilinifikisha mpaka kwenye mwani,
nikashuka kwa miguu yangu, kama mtu anayeshuka ngazi,
nikageuka kuona kama umeona.
Ulikuwa unamimina chai.

Garini vidole havishiki ufunguo.
Unavipulizia, vyangu kwanza, kisha vyako.
Hita ilikufa zamani; tunapashwa joto na mbwa wa jirani
aliyejipakia bila kualikwa
na ananuka kuliko sisi wawili.
Kondoo wamesimama katikati ya barabara.
Hatupigi honi. Twende wapi?

Saa mbili usiku simu yako inalia:
kesho bahari itatulia, meli itakuja.
Maziwa yatakuja. Barua, vipuri, wageni.
Tunausoma ujumbe pamoja, kimya,
kama watoto walioambiwa shule zinafunguliwa.
Bafuni suti zinadondosha maji.

Eachann.
Usilale kwanza.
Nilibakiwa na mawimbi mawili.